Spika Kumi na Mbili, Masikio Mawili

Pita leo kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, usome maandishi yaliyo kwenye makasha ya spika. Zamani ilikuwa 2.1, yaani spika mbili na sabufa. Ikaja 5.1. Sasa utakuta 7.1.4: spika saba za kumzunguka msikilizaji usawa wa masikio yake, sabufa moja, na spika nne za juu, darini. Jumla kumi na mbili. Muuzaji atakuambia kwamba ukifunga mtambo huo sebuleni, helikopta ya kwenye filamu itapita juu ya utosi wako na mvua itakunyeshea pande zote. Kwa kiasi kikubwa hatakuwa amekudanganya. Ila hatakuambia kwamba kazi kubwa haifanywi na spika. Inafanywa na ubongo wako, kwa kutumia masikio mawili uliyozaliwa nayo, na elimu inayoeleza namna unavyoifanya ina faida nyingi zaidi ya kutazama filamu.

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Hewani, katika joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Honi ya bodaboda ikilia upande wako wa kulia, hufika sikio la kulia kwanza, kisha huzunguka kichwa na kufika la kushoto. Hata chanzo kikiwa kuliani kabisa, ucheleweshaji huo hauzidi sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Ni muda mfupi mno, lakini kwa ubongo ni mrefu. Mtu mwenye usikivu mzima, akiwa mahali patulivu, anaweza kutambua tofauti ya sehemu kumi za milioni za sekunde kati ya masikio yake. Ndiyo maana sauti iliyo mbele yetu ikihama digrii moja tu, tunajua kwamba imehama.

Njia hiyo ya muda hufanya kazi vizuri kwa sauti nzito. Kwa sauti nyembamba, zile za masafa ya juu ya hezi 1,500 hivi, ubongo hutegemea zaidi nguvu ya sauti. Kichwa huikinga, na sikio la upande wa pili hubaki kivulini, likapokea sauti iliyofifia.

Mambo haya hayakugunduliwa kwa siku moja. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme jijini Paris, mafundi walitega simu kwenye jukwaa la jumba la opera, na wageni waliokuwa mbali wakaweka kipokezi kimoja kwa kila sikio. Wakashangaa kusikia waimbaji wakihama huku na huko, kana kwamba wao wenyewe wamekaa mbele ya jukwaa. Miaka michache kabla ya hapo, mwanafizikia mmoja wa Kiingereza alikuwa amesimama bustanini, macho kafumba, wasaidizi wake wakiwa wamemzunguka na kutoa sauti moja baada ya nyingine ili aoneshe kila moja imetoka wapi. Sauti za watu aliziweza. Mlio mtupu wa chuma cha kupimia sauti ulimchanganya: hakujua kama uko mbele au nyuma. Jambo hilo halikumtoka akilini, na mwaka 1907 alitoa maelezo ya muda na nguvu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili.

Lakini kuchanganyikiwa kwake kule bustanini kulibaki kuwa swali. Chukua sauti iliyo mbele yako kabisa, nyingine iliyo juu ya utosi, na ya tatu iliyo kisogoni. Zote tatu hufika kwenye masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Kwa hesabu ya muda na nguvu peke yake, ubongo ungepotea. Kinachouokoa ni ile mikunjo ya sikio la nje, ambayo wengi wetu tunadhani kazi yake ni kushikilia miwani na hereni. Sauti ikigonga mikunjo ile, sehemu yake huingia tunduni moja kwa moja na sehemu nyingine huchelewa kidogo kwa kurudishwa na kingo. Zikikutana hupunguzana nguvu katika masafa fulani, hasa ya kuanzia hezi 5,000 kwenda juu. Sauti ya kutoka juu hupunguzwa katika masafa tofauti na ile ya kutoka chini. Ubongo umekariri tofauti hizo tangu utotoni, na kila mtu amekariri za masikio yake mwenyewe, maana hakuna mikunjo ya watu wawili inayofanana kabisa. Mlio mtupu una masafa mamoja tu, kwa hiyo mikunjo haina cha kuchuja. Hilo ndilo lililomsumbua yule bwana.

Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uholanzi, ambalo binafsi naliona tamu kuliko mengine yote katika habari hii. Watu wazima wachache walijaziwa vibandiko vidogo kwenye mikunjo ya masikio yote mawili. Tundu halikuzibwa, ni umbo la sikio tu lililobadilika. Papo hapo walipoteza uwezo wa kujua kama sauti iko juu au chini, ingawa kulia na kushoto walipatambua kama kawaida. Wakaambiwa waendelee na maisha yao, vibandiko vikiwa masikioni. Siku zilivyopita uwezo ukaanza kurudi, na ndani ya wiki zisizozidi sita walikuwa wamejifunza kusikia kwa masikio yao mapya. Kisha vibandiko vikatolewa. Ungetarajia wapotee tena. Hawakupotea: walitumia masikio yao ya asili mara moja, bila kujifunza upya. Elimu mpya haikuifuta ya zamani, kama vile Mdigo aliyejifunza Kiswahili shuleni asivyosahau Kidigo cha nyumbani.

Waliopimwa walikuwa wachache, tena wenye usikivu mzima, kwa hiyo mtu asije akasema kwamba uziwi huponywa kwa mazoezi. Hata hivyo matokeo haya yana tumaini ndani yake. Mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia kusikia huona wiki za mwanzo sauti zote zimevurugika, na wengi hukiweka kabatini wakisema hakifai. Ubongo wa mtu mzima unaweza kujifunza masikio mapya, ila unataka siku nyingi za kukitumia kifaa hicho mfululizo.

Sasa turudi sebuleni. Hataza ya sauti ya stereo iliombwa Uingereza mwaka 1931, na ujanja wake ni huohuo wa masikio mawili: spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu sawa, ubongo huiweka sauti katikati, mahali ambapo hapana spika. Kasoro yake anaijua kila aliyetazama mpira kwenye kibanda umiza. Anayekaa katikati husikia sauti ya mtangazaji ikitoka kwenye kioo. Aliyebanwa pembeni, karibu na spika ya kushoto, humsikia mtangazaji upande wa kushoto tu. Majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1940 yalionyesha sababu. Ubongo huamini sauti iliyotangulia kufika, na zinazofuata ndani ya takriban sehemu 30 za elfu za sekunde huzimeza humohumo. Bila tabia hiyo kila ukuta ungekuwa mtu mwingine anayezungumza nasi. Ndiyo maana sinema iliweka spika ya tatu katikati, kwa ajili ya maneno ya waigizaji. Mwaka 1992 kiwango cha kimataifa cha 5.1 kilipopitishwa, spika za mbele ziliwekwa digrii 30 kila upande na zile za pembeni digrii 110 hivi, nyuma kidogo ya masikio.

Sabufa yenyewe hutosha moja, na sababu yake pia iko kwenye masikio mawili. Mngurumo wa hezi 80 una urefu wa wimbi unaozidi mita nne. Kwa wimbi refu namna hiyo kichwa cha binadamu si kizuizi, tofauti ya muda nayo huvurugwa na kuta za chumba, na ubongo hushindwa kujua mngurumo umetoka kona gani ya chumba.

Kilicho kipya kweli ni namna ya kuandika sauti. Katika mifumo ya zamani fundi wa studio aliamua kila sauti itoke kwenye spika ipi, akamaliza. Katika mifumo kama Dolby Atmos, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, na DTS:X iliyofuata mwaka 2015, fundi huhifadhi sauti pamoja na anwani yake: iko upande gani wa chumba, kimo gani, inaelekea wapi. Kifaa cha nyumbani husoma anwani hiyo na kuigawa sauti kwa spika zilizopo, ziwe mbili au kumi na mbili. Huo ni uhandisi wa kupongezwa. Filamu moja inafaa ukumbi mkubwa na inafaa pia chumba kimoja cha kupanga.

Kabla hujatoa pesa, tazama juu. Vifaa vingi vya bei nafuu, hasa zile spika ndefu zinazowekwa chini ya televisheni, havina spika za darini. Hurusha sauti juu ili igonge dari na kukushukia. Hilo linahitaji dari tambarare na ngumu. Nyumba ya makuti huinyonya sauti, na paa la bati lisilo na silingi huitawanya ovyo. Ukiwa na nyumba ya aina hiyo, sehemu hiyo ya bei unalipia maandishi ya kwenye kasha. Pia uliza unatazama nini. Kipindi kilichorekodiwa kwa njia mbili kitabaki cha njia mbili, hata ukizungushia chumba spika saba. Mtambo utabahatisha tu hayo mengine. Na chumba cha sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo hupiga mwangwi kiasi kwamba zulia nene na mapazia mazito vitaboresha maneno ya filamu kuliko jozi nyingine ya spika. Huo ushauri muuzaji wa spika hana faida nao.

Wengi wetu tutaionja teknolojia hii kwa simu na vipokea sauti vya masikioni, si kwa spika kumi na mbili. Programu huongeza kwa hesabu ile michujo ambayo sikio la nje lingeifanya, na sauti ikaonekana kutoka nje ya kichwa. Shida ni kwamba hesabu nyingi hutumia sikio la wastani, na wewe una lako. Ndiyo sababu mtu mmoja husikia ndege wakilia juu ya mti, na mwenzake, kwa simu ileile, husikia kelele kisogoni. Asidhani masikio yake ni mabovu.

Nilisema elimu hii haiishii kwenye filamu. Mkulima wa mahindi anayesumbuliwa na panya ana jirani anayeimudu kuliko studio yoyote, naye ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika. Katikati ya karne iliyopita bundi huyo aliwekwa kwenye chumba cha giza totoro, na panya aliyefungiwa karatasi yenye kuchakarika akaachiwa apite akiiburuza. Bundi aliikamata karatasi, akamwacha panya. Hakuwa akiona wala kunusa, alikuwa akisikia. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba masikio yake hayako usawa mmoja, moja liko juu kidogo ya jingine, hivyo tofauti ya nguvu humwambia kimo na tofauti ya muda humwambia upande. Bundi hatamaliza panya wote wa shamba, na anayeahidi hivyo anauza maneno. Lakini kumpiga mawe kwa sababu ya imani za uchawi ni kumfukuza kibarua asiyedai ujira, na sumu ya panya inayotapakaa shambani humuua naye pia anapomla panya aliyekula sumu.

Baharini mambo hugeuka. Kuanzia Lamu hadi Mtwara wapo wanaozamia pweza na majongoo bahari kwa miwani na pumzi yao tu, na wengi wao wamewahi kusikia injini ya boti wasijue inatokea wapi. Si woga wala ugeni wa bahari. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo tofauti ya muda kati ya masikio hushuka chini ya robo ya ile ubongo iliyoizoea. Kichwa nacho hakikingi tena, maana nyama na mifupa hupitisha sauti ya majini kwa urahisi. Sauti huonekana kutoka kila upande, au ndani ya kichwa chenyewe. Hakuna uzoefu unaoweza kutegemewa hapa: mzamiaji asiibuke kwa kufuata masikio. Boya lenye rangi kali, mwenzako wa kuangalia kwenye mtumbwi, kuibuka ukizunguka na mkono ukiwa juu, na nahodha kupunguza mwendo karibu na miamba, ndizo kinga zilizopo.

Hesabu hiyohiyo ya muda, ikifanywa na vyombo badala ya masikio, imeshaisaidia pwani yetu. Vinasa sauti viwili vya majini vilivyoachana kwa umbali unaojulikana huweza kuonyesha mlipuko umetokea upande gani. Mwaka 2015 mashua iliyovuta vinasa sauti kando ya pwani ya Tanzania ilirekodi milipuko zaidi ya 300 ya uvuvi wa baruti kwa muda wa mwezi mmoja hivi, mingi yake katika maji yaliyo karibu na Dar es Salaam. Mvuvi wa halali aliyekuwa akilalamika kwamba matumbawe yanabomolewa, na kuambiwa alete ushahidi, sasa ushahidi wake umepata namba.

Nyumbani nako, kwa mama mwenye mtoto mdogo, jambo la kuangaliwa ni sikio moja. Mtoto mwenye sikio moja zima huitikia akiitwa, hucheka, huimba, na familia nzima huridhika kwamba anasikia. Anachokosa ni upande. Watoto wengi hupata maambukizi ya sikio la kati baada ya mafua. Majimaji yakibaki nyuma ya kiwambo cha sikio, sauti hufika upande ule imefifia. Kuanzia umri wa miezi sita hivi mtoto anatarajiwa kugeukia sauti. Akigeukia upande usio sahihi mara kwa mara, au akitokwa na usaha sikioni, apelekwe kituo cha afya. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa tu ameshughulika na mchezo, na nesi akikuambia hivyo utarudi nyumbani kwa amani. Usimtie mafuta ya kupikia, kitunguu wala kijiti cha pamba sikioni.

Mtoto huyo akifika shuleni, hasara huongezeka. Masikio mawili ndiyo hutuwezesha kuisikiliza sauti moja kati ya nyingi, kwa sababu ubongo hutenganisha sauti kwa kuzingatia zinakotoka. Mwanafunzi wa sikio moja, katika darasa la watoto sabini na mvua ikipiga bati, husikia fujo tupu. Mwalimu atamwona mzembe. Akae mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu, mbali na dirisha la barabarani. Haigharimu hata shilingi.

Dereva wa bodaboda anayeendesha huku akipiga muziki kwa kipokea sauti sikio moja amejifanya, kwa hiari yake, kuwa kama mtoto huyo. Honi ataisikia, lakini hatajua lori liko upande gani.

Sauti ya kuzunguka chumba inavutia watu kuiongeza, hivyo hili la mwisho linawahusu wenye spika kumi na mbili na wenye simu pia. Mwongozo wa kimataifa wa afya unasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa; ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti, zikishakufa kwa binadamu, hazioti tena, na za masafa ya juu, zile zinazotuambia juu na chini, mbele na nyuma, ndizo hutangulia kufa. Ukiwa umevaa vipokea sauti, na mtu aliye umbali wa mkono mmoja akakuambia neno usilisikie, punguza sauti hapohapo.